Mfumo wa Mafaili Ukitazamwa kama Hifadhidata

Sisi wanafunzi wa lugha tumezoea kuamini ya kuwa katika kompyuta mna mahali pawili pa kuweka maarifa. Pa kwanza ni kwenye mafaili na folda, ambako kila mtu huweka vitu vyake bila ya kufundishwa. Pa pili ni kwenye hifadhidata, nayo tunaihesabu kuwa kazi ya mafundi na ya wenye mabenki. Nia ya makala haya ni kuonyesha ya kuwa mgawanyo huo hauna msingi. Mfumo wa mafaili nao ni hifadhidata: ni hifadhidata ya namna ya zamani, yenye nguvu zake na yenye upungufu wake. Mtafiti asiyelijua jambo hili huwa ametunga hifadhidata pasipo kukusudia, na kitu kilichotungwa pasipo kukusudia mara nyingi hutungwa vibaya.

Nasema hivi kwa kuwa yamenipata mwenyewe. Mwaka 2009, nilipokuwa nikitayarisha shahada ya uzamivu katika chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, nilirudi nyumbani kukusanya msamiati wa mafundi wa vyombo vya baharini katika vijiji vya pwani ya Kilwa. Niliwarekodi wazee wakieleza habari za mkuku, taruma, foromali na kazi ya kalafati. Kila rekodi niliiweka katika faili lake, kila faili katika folda ya msemaji, na kila folda ya msemaji katika folda ya kijiji. Tena juu ya kila faili nilitia alama ya rangi, kama kompyuta yangu ilivyoniruhusu: nyekundu kwa fundi aliyerithi kazi kwa baba yake, buluu kwa aliyejifunza kwa mtu mwingine. Baada ya miaka kadhaa niliyahamisha mafaili yale kwenye kompyuta nyingine kwa kuyapitisha katika barua pepe na katika flashi. Sauti zote zilifika salama, wala haikupotea hata moja. Lakini rangi hazikufika. Wazee wengi walikuwa wamekwisha kufariki, na mahali pengine popote sikuwa nimeandika nani alifundishwa na nani. Kosa halikuwa la kompyuta. Lilikuwa langu, kwa kuwa sikujua rangi zile zilikuwa zimewekwa wapi.

Maana ya hifadhidata

Yafaa kwanza tuafikiane juu ya maneno. Hifadhidata, ambayo wengine huiita kanzidata, si wingi wa habari tu. Rundo la barua katika kikapu si hifadhidata. Ili mkusanyo uitwe kwa jina hilo twautazamia mambo manne. La kwanza, kila kitu kilichowekwa kiwe na ufunguo wake, yaani jina au namba inayokitenga na vingine. La pili, mkusanyo uweze kuulizwa swali, nao ujibu kwa kutoa vile tu vinavyolingana na swali. La tatu, uwe na kanuni za kukataa lisilofaa, mathalani umri wa miaka 700 au rekodi isiyo na msemaji. La nne, mabadiliko yake yawe kamili au yasiwe kabisa, kama fedha zinazotoka katika akaunti moja kwenda nyingine: haiwezekani zitoke huku zisifike kule. Jambo hili la nne ndilo linaloitwa muamala.

Tukiupima mfumo wa mafaili kwa mizani hii, tutaona ya kuwa unatimiza sharti la kwanza barabara, la pili nusu, la tatu kidogo sana, na la nne kwa kadiri fulani. Tuyatazame moja baada ya jingine.

Folda ni jedwali

Watu wengi hudhani ya kuwa folda ni chombo chenye mafaili ndani yake, kama kabati lilivyo na makaratasi. Sivyo. Katika mifumo iliyofuata mfano wa Unix, iliyoanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1969, folda ni jedwali lenye safu mbili tu. Safu ya kwanza ni jina, na ya pili ni namba. Namba hiyo huelekeza kwenye rekodi fupi iitwayo inodi, na katika inodi mmeandikwa ukubwa wa faili, mwenyewe, ruhusa za kulisoma na kuliandika, saa lilipobadilishwa mara ya mwisho, na mahali baiti zake zilipo katika diski.

Msomaji azingatie ya kuwa katika orodha hiyo jina halimo. Faili halijui jina lake. Jina limo katika folda, na faili lenyewe ni namba. Kwa lugha ya wataalamu wa hifadhidata, namba ya inodi ndiyo ufunguo wa asili, na majedwali ya folda ni faharasa zinazomwongoza mtu kutoka jina hadi ufunguo.

Katika mfumo wa NTFS, uliotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 1993, jambo hili liko wazi zaidi. Mfumo ule wote umejengwa juu ya jedwali moja kubwa, na kila faili ni rekodi ndani yake, kwa kawaida ya baiti 1024. Jina, tarehe na ruhusa zote huhesabiwa kuwa sifa za rekodi hiyo. Hata yaliyomo katika faili ni sifa mojawapo, na faili likiwa dogo sana huwekwa mumo humo ndani ya rekodi, bila ya kupewa mahali pengine. Kadhalika, mti wa namna ya B, walioueleza Rudolf Bayer na Edward McCreight katika miaka ya mwanzo ya 1970, ndio unaotumika mpaka leo kupanga faharasa za hifadhidata, na ndio unaotumika kupanga majina ya mafaili katika NTFS na mifumo mingine mingi. Aliyejenga kitu cha kwanza na aliyejenga cha pili walichonga kwa tezo moja.

Visawe, "paa", na "taz."

Kwa kuwa jina si sehemu ya faili, faili moja laweza kuwa na majina mawili au zaidi, katika folda moja au katika folda mbalimbali. Hakuna lililo la kweli zaidi ya jingine. Yote ni visawe. Inodi huhesabu idadi ya majina yake. Mtu anapofuta faili, kwa hakika hufuta jina moja tu na hesabu hupungua kwa moja. Hesabu ikifika sifuri, na ikiwa hakuna programu inayolitumia, hapo ndipo mahali pake katika diski huachwa wazi.

Ama kuhusu kinyume cha visawe, yaani vitu viwili vyenye jina moja, sheria ni kali ndani ya folda na ni legevu nje yake. Katika folda moja hapawezi kuwa na mafaili mawili yenye jina "paa". Lakini katika folda ya "wanyama" paweza kuwa na "paa", na katika folda ya "nyumba" pakawa na "paa" mwingine, wala pasitokee utata, kwa kuwa jina kamili ni njia nzima kutoka mzizi wa mti hadi faili. Hivi ndivyo hata sisi tunavyotambua maana ya neno lile katika mazungumzo, kwa kutazama limekaa pamoja na nini.

Kuna namna nyingine ya kuunganisha, nayo ni kiungo laini. Hiki ni faili dogo ambalo yaliyomo ndani yake ni njia ya kufikia faili jingine. Watunga kamusi wanakijua kitu hiki vizuri, kwa maana ni ile "taz." wanayoiandika wakitaka kumpeleka msomaji kwenye kidahizo kingine. Nacho kina ugonjwa ule ule wa "taz.". Kidahizo kikihamishwa au kikiondolewa katika toleo jipya, "taz." hubaki ikimwelekeza msomaji mahali pasipo na kitu. Mfumo wa mafaili hauchungi viungo laini, huviacha vining'inie. Hifadhidata za majedwali, kinyume chake, zaweza kuagizwa zikatae kufuta rekodi ambayo rekodi nyingine yaitegemea. Huu ni upungufu wa kwanza tulioukuta.

Taabu ya njia moja

Upungufu wa pili ni mkubwa zaidi. Mfumo wa mafaili umepangwa kama mti, na mti una njia moja tu ya kupanda. Mpango huu ulielezwa na R. C. Daley na P. G. Neumann mwaka 1965 walipokuwa wakiandaa mfumo wa Multics, na tangu hapo umeenea kote. Anayetunga folda huamua tangu mwanzo ni swali gani litakalokuwa jepesi. Mimi nilianza na kijiji, kisha msemaji. Nikiulizwa, "Walisema nini watu wa kijiji hiki?" nilijibu mara moja. Nikiulizwa, "Mafundi gani waliozidi miaka 60 wanalitumia neno foromali?" ilinibidi nifungue kila folda ya kila kijiji. Ningeanza na umri, swali la pili lingekuwa jepesi na la kwanza likawa gumu.

Tatizo hili si geni kwa wasomaji wa jarida kama hili, maana ni tatizo la kamusi za lugha za Kibantu. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 huweka maneno mengi yaliyotokana na kitenzi chini ya kitenzi chenyewe, hata anayetafuta "msomaji" hana budi kwanza kujua "soma". Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 huiweka nomino kwa herufi yake ya kwanza, pamoja na kiambishi chake. Mpango wa kwanza humfaa anayetaka kuona ukoo wa neno, na wa pili humfaa anayetaka maana upesi. Hakuna uliokosea. Kosa ni la karatasi, ambayo haikubali ila mpango mmoja.

Kompyuta haina lazima ya karatasi hiyo, na wataalamu wa hifadhidata waliligundua hilo mapema. Baadhi ya hifadhidata za kwanza zilikuwa miti vile vile. Iliyojulikana sana ni IMS ya kampuni ya IBM, iliyoanza kutumika mwaka 1968 baada ya kubuniwa kwa ajili ya safari za Apollo za kwenda mwezini. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni hiyo hiyo huko California, alichapisha makala yake mashuhuri kuhusu uhusiano wa majedwali. Mojawapo ya lawama zake ilikuwa hii: katika hifadhidata za miti, programu hufungwa na njia. Habari ikihamishwa kutoka tawi moja hadi jingine, programu zote zilizopita njia ya zamani huvunjika, ijapokuwa habari yenyewe haikubadilika hata chembe. Dawa yake ilikuwa kuondoa njia kabisa. Habari ziwekwe katika majedwali ya kawaida, na anayeuliza aeleze anachokitaka bila ya kueleza jinsi ya kukifikia.

Basi katika miaka iliyofuata hifadhidata nyingi ziliuacha mti. Mfumo wa mafaili haukuuacha. Kila tunapohamisha folda na kuona "taz." zetu zimekufa, tunapatwa na taabu aliyoieleza Codd mwaka 1970.

Majaribio ya kuviunganisha

Yamkini msomaji atauliza: ikiwa ni hivyo, kwa nini mafundi hawakuufanya mfumo wa mafaili uwe hifadhidata kamili? Walijaribu, tena si mara moja.

Mwaka 1991 David Gifford na wenzake wa chuo cha MIT walieleza mfumo ambamo folda si mahali bali ni swali. Mtu hufungua folda yenye jina la sifa anayoitafuta, na kompyuta humletea mafaili yote yenye sifa hiyo, popote yalipo. Baadaye kidogo watengenezaji wa mfumo wa BeOS walianza kwa kuweka hifadhidata kando ya mafaili, wakaona ya kuwa viwili hivyo haviafikiani: faili hubadilika na hifadhidata haina habari. Ndipo Dominic Giampaolo na Cyril Meurillon walipotunga mfumo mpya ambamo kila faili laweza kubeba sifa zake, na sifa hizo zaweza kutiwa katika faharasa na kuulizwa. Barua pepe katika mfumo ule zilikuwa mafaili ya kawaida, na jina la mwandikaji na la mwandikiwa zilikuwa sifa za faili.

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuwa la Microsoft, liitwalo WinFS. Lilitangazwa mbele ya watunga programu mwaka 2003, na mwaka 2006 ikatangazwa ya kuwa halitatolewa. Kampuni ya Apple mwaka 2005 ilishika njia nyepesi zaidi: iliuacha mti kama ulivyo, ikaweka kando yake faharasa ya kutafutia. Njia hii ndiyo iliyoenea.

Kwa maoni yangu, sababu ya mambo kwenda hivyo ni ya kijamii kuliko ya kifundi. Faili lina mapatano ya zamani na mepesi mno: ni mfuatano wa baiti wenye jina. Kwa mapatano hayo, faili husafiri kutoka mfumo hadi mfumo, kutoka barua pepe hadi flashi, na kila programu duniani yajua kulipokea. Sifa zinazoongezwa nje ya baiti hizo hazimo katika mapatano. Mfumo wa FAT, uliomo katika flashi nyingi, hauna nafasi ya kuziweka. Barua pepe hubeba baiti na jina, basi. Faili likivuka mpaka, sifa huachwa forodhani.

Hapo ndipo rangi zangu zilipopotelea. Hazikuwa ndani ya sauti, bali katika sifa zilizo kando yake, na sifa hizo zilikuwa mali ya kompyuta ile, si mali ya faili.

Kanuni na muamala

Imebaki kuyatazama masharti mawili ya mwisho.

Kuhusu kanuni, mfumo wa mafaili hujua chache sana: majina mawili katika folda moja yasilingane, herufi fulani zisitumike, urefu wa jina usipite kiasi. Hauwezi kuagizwa ukatae rekodi isiyo na umri wa msemaji. Hata kanuni ile ya kutolingana kwa majina ni yenye mitego, kwa kuwa mfumo hulinganisha alama wala haulinganishi maneno. Nitoe mfano ambao utamgusa kila mwandishi wa Kiswahili. Neno "ng'ombe" huandikwa kwa alama ya kudondosha, na katika kompyuta alama hiyo ina sura mbili. Moja imenyoka, nayo katika hesabu ya Unicode ni namba 39. Nyingine imepinda, ni namba 8217, na programu za kuandikia huiweka zenyewe bila ya kuulizwa. Kwa jicho la mtu neno ni moja, lakini kwa mfumo wa mafaili ni majina mawili, na yaweza kukaa katika folda moja kila moja na faili lake. Mtafiti akitafuta kwa alama iliyonyoka, yale yaliyoandikwa kwa iliyopinda hayatatokea, naye atadhani hayapo. Vivyo hivyo, mifumo inayotumika na Linux kwa kawaida hutofautisha "Kilwa" na "kilwa", na Windows kwa kawaida haitofautishi. Mkusanyo uliokuwa na mafaili mawili upande mmoja waweza kufika upande wa pili ukiwa na moja.

Kuhusu muamala, mifumo ya leo imesogea mbele. NTFS tangu mwaka 1993, na Linux kwa mfumo wa ext3 tangu mwaka 2001, huandika kwanza katika daftari kusudio la badiliko, kisha hulitenda, ili umeme ukikatika katikati waweze kurudia au kufuta. Lakini daftari hili kwa kawaida hulinda mpangilio wa folda na inodi; yaliyomo ndani ya mafaili hayana ulinzi ule ule. Tendo la kulibadili faili moja jina halikatiki katikati, na programu makini hulitegemea hilo: huandika nakala mpya kando, huhakikisha imefika diskini, kisha huipa jina la ile ya zamani. Hata hivyo hakuna njia ya kawaida ya kubadili mafaili 40 kwa pamoja. Ukitaka kusahihisha jina la msemaji katika mafaili hayo na umeme ukatike kwenye la 17, utabaki na msemaji mmoja mwenye majina mawili, wala hakuna atakayekwambia.

Basi mtafiti afanye nini?

Sisemi ya kuwa mafaili yaachwe. Yana fadhila mbili kubwa: hayahitaji programu maalumu ili yasomeke, na yanasafiri kokote. Nisemalo ni ya kuwa kila chombo kipewe mzigo wake.

La kwanza, jina la faili lisibebeshwe habari inayoweza kubadilika au kukosewa. Kijiji, umri na jina la msemaji vyote hubadilika au husahihishwa. Lipewe namba tu, mathalani 0147, isiyobadilika milele. Ziandikwe tarakimu zote nne, kwa sababu katika mpango wa herufi "10" hutangulia "2".

La pili, habari zote ziwekwe katika majedwali: moja la wasemaji, moja la rekodi, moja la maneno, yakiunganishwa kwa namba hizo. Kazi hii haihitaji mtambo mkubwa. SQLite, iliyotungwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, ni hifadhidata kamili iliyomo ndani ya faili moja, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeitaja miongoni mwa namna zinazopendekezwa za kutunza data. Watungaji wake walipima mwaka 2017 wakaona ya kuwa kusoma vitu vidogo vya baiti 10,000 hivi kutoka ndani yake ni kwepesi kwa asilimia 35 hivi kuliko kuvisoma kutoka mafaili mbalimbali, kwa kuwa faili hufunguliwa mara moja tu. Hapo mzunguko unakamilika: hifadhidata imo ndani ya faili, na faili limo ndani ya hifadhidata nyingine iitwayo mfumo wa mafaili.

La tatu, tukumbuke yaliyowapata watu wa BeOS. Jedwali lililo kando laweza kuachana na mafaili. Kwa hiyo katika jedwali iandikwe alama ya ukaguzi ya kila faili, yaani namba ndefu inayohesabiwa kutokana na baiti zake zote. Ikihesabiwa upya na kulinganishwa mara moja kila mwaka, itaonyesha lipi limepotea na lipi limeharibika.

La nne, namba tupu haisemi kitu, na jedwali likipotea maana yote imepotea. Kwa sababu hiyo mambo ya lazima yawekwe ndani ya faili lenyewe, penye baiti zinazosafiri. Wakusanyaji wa zamani, waliorekodi kwa kanda, walikuwa na desturi ya kutamka mwanzoni mwa kanda jina la mzee, mahali, tarehe na kazi yake. Desturi hii huchukua chini ya dakika moja, na haina forodha inayoweza kuizuia.

Nami nimeanza kuzisikiliza upya rekodi zile za Kilwa, moja moja, na kujaza jedwali. Baadhi ya wazee, bila ya mimi kuwauliza, walimtaja aliyewafundisha katikati ya maelezo yao, na hao nimewapata. Wengine hawakumtaja. Katika mpango wangu wa zamani, faili lisilo na rangi laweza kuwa la fundi ambaye habari zake hazijulikani, au la fundi ambaye nilisahau kumwekea, au ambaye rangi yake ilipotea njiani. Folda haina namna ya kutofautisha. Katika jedwali nafasi ya mtu huyo inaonekana, nayo ni tupu, na kando yake nimeandika sababu ya kuwa tupu. Atakayekuja kuisoma kazi hii baada yangu hatadhani ya kuwa wazee wale hawakuwa na walimu. Atajua ya kuwa mimi ndiye niliyeshindwa kuwahifadhi.